Matusi Vinywani mwa Watoto Wetu: Ni Nani Aliyewafundisha?



Mwisho wa mwaka 2018 nilikuwa kwa jamaa yangu mmoja baada ya sala ya Maghribi, tumekaa barazani twanywa kahawa. Mtoto wake wa miaka saba, ambaye alikuwa ametoka chuoni na juzuu yake bado i kwapani, akapita mbele yetu akiimba wimbo uliokuwa ukivuma siku hizo. Wageni wawili wakaangaliana, kisha wakacheka. Mtoto alipoona amechekesha watu wazima, akaurudia kwa sauti kubwa zaidi, na kiuno akakitia. Babake akaona haya, akamwita, akampiga kofi mbele yetu. Mtoto akalia, akasema, "Baba, kwani nimesema nini?"

Hapana aliyemjibu. Bibi yake akatoka ndani akamshika mkono akaenda naye, na sisi tukarejea kwenye kahawa yetu.

Sitaki kumlaumu jamaa yangu peke yake, kwani mimi ni mmoja wa wale wawili waliocheka. Na tangu siku hiyo swali la mtoto yule halijanitoka. Leo nataka nilijibu, ingawa nimechelewa, na ili nilijibu sina budi kwanza kuutazama wimbo wenyewe, kisha kuutazama na wimbo mwingine uliokuja nyuma yake, kisha tujitazame sisi wenyewe majumbani mwetu.

Wimbo aliouimba mtoto ni ule uitwao "Mwanza", wa Rayvanny pamoja na Diamond Platnumz. Mwezi wa Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, BASATA, liliupiga marufuku kwa kuvunja maadili. Mwezi wa Disemba waimbaji hao wakauimba jukwaani juu ya marufuku hayo, wakafungiwa kufanya maonyesho, wakaomba radhi, na Januari 2019 wakafunguliwa. Hayo yote ni mambo yaliyotangazwa na kila mtu ameyasikia.

Ama sanaa ya wimbo huo ni hii: wachezea jina la Nyegezi, ambayo ni sehemu ya mji wa Mwanza. Ndani ya jina hilo mna neno la matamanio ambalo mtu mwenye adabu halitaji mbele ya wakwe zake. Mwimbaji analiimba jina kwa namna ambayo mji wenyewe unasahaulika, likabaki lile neno. Akiulizwa, ana la kusema: mimi nimetaja mji tu.

Watetezi wa nyimbo kama hizi hutwambia kuwa hili ni fumbo, na kwamba fumbo ni mila yetu. Ni kweli kuwa fumbo ni mila yetu, na lugha yetu yajivunia fumbo. Lakini yataka tuulize fumbo lilikuwa na kazi gani. Wazee wetu walipokuwa na jambo la aibu la kusemwa, walilifumba ili apate kulijua anayestahiki kulijua, na mtoto aliyekaa hapo apite asipate chochote. Bibi zetu waliweza kuzungumza kutwa nzima mambo ya unyumba mbele ya watoto, na watoto wakatoka pale wakidhani maneno yalikuwa ya mapishi. Fumbo lilikuwa ni sitara.

Sasa lipime fumbo hili la Nyegezi kwa kipimo hicho. Neno halikufichwa mtoto asilipate, bali limewekwa mahali pa kurudiwarudiwa, kwenye kiitikio, likatiwa mdundo, ili kila asikiaye alipokee kwa kelele. Mkubwa analifahamu na kucheka, na mdogo asiyelifahamu ndiye analipiga kelele njiani. Hiyo ndiyo ila yangu juu ya wimbo huu kwa upande wa sanaa, mbali na upande wa dini: umechukua chombo cha kusitiri ukakifanya chombo cha kufunua, na mchukuzi wake akawa ni mtoto. Na kucheka kwetu barazani kulimwambia mtoto kuwa amefanya jambo zuri, kabla kofi halijamwambia kinyume.

Mwaka uliofuata, 2019, ukavuma Kenya wimbo mwingine, "Takataka", wa kijana aitwaye Alvindo. Huu hauna neno hata moja la kufichwa. Takataka ni neno analolijua kila mtoto anayetumwa kufagia ua. Katika wimbo huo mwanamume amempenda mwanamke, mwanamke hakumtaka, naye amegeuka kumwita takataka. Bodi ya filamu ya Kenya iliukataza wimbo huo kwa kumdhalilisha mwanamke. Lakini nyumbani wazee wengi hawakuona ubaya wake. Nilisikia watoto wa kiume wakiwaimbia wasichana njiani walipokuwa wakienda shule, na mzazi mmoja niliyemwambia akanijibu, "Si tusi hilo, Sheikh. Ni neno la kawaida."

Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Wimbo wa kwanza mtoto kapigwa kwa ajili yake, wa pili kaachwa. Je, ni upi kati ya hizo mbili unaomfundisha mtoto uovu zaidi? Mtoto wa miaka saba aliyeimba "Mwanza" hakulijua aliloliimba, na hakumdhuru mtu. Kijana wa miaka kumi na mbili aliyemwimbia msichana "Takataka" alijua vizuri maana yake. Alijua kwamba msichana akikataa, hustahiki kutupwa jaani. Na msichana naye alijua kuwa ameambiwa yeye.

Mtume (s.a.w.), katika Hadithi aliyoipokea Imam Tirmidhi kutoka kwa Ibn Masud (r.a.), ametaja mambo manne ambayo hayawi sifa za Muumini: kuwatia watu ila na kuwavunjia heshima zao, kulaani, uchafu, na upujufu wa maneno. Yahesabu mambo hayo, ndugu msomaji. Mawili ya mwisho ni ya uchafu. Mawili ya mwanzo ni ya kuumiza, na hayahitaji neno chafu hata moja. Mtu aweza kumvunja mwenziwe kwa maneno masafi kama maji ya kisima. Na katika Sura ya Hujurat, aya ya 11, Mwenyezi Mungu ametukataza kufanyiana dharau na kuitana kwa majina mabaya, na jina baya si lazima liwe la upujufu.

Basi sisi wazee tumechukua nusu ya Hadithi na nusu tumeiacha. Tumekuwa wakali juu ya maneno yanayotutia haya sisi mbele ya wageni, na tumelegea juu ya maneno yanayomuumiza mwengine. Mtoto huyasoma haya kwenye nyuso zetu kabla hajajua kusoma Alif. Anafahamu kuwa kosa ni kumwaibisha baba, na kwamba kumwonea jirani si kosa akijua kusema vizuri.

Na hapo tuingie majumbani. Mama amekosana na jirani juu ya maji au juu ya watoto. Anakwenda dukani kuchagua kanga, hatazami rangi wala hatazami mji, anasoma jina. Akishalipata lile litakalomchoma mwenziwe, anajifunga na kupita mbele ya mlango wake mara tatu. Binti yake yuko naye, na jioni anasimuliwa jinsi jirani alivyonuna. Mama huyu akimsikia bintiye akitamka neno la upujufu atamtia pilipili mdomoni. Lakini leo kamfundisha somo zima la kutukana, na kalifanya kuwa mchezo.

Sisi wanaume tuna letu lililo kubwa zaidi. Tunapokasirika twawaita watoto wetu mbwa, punda, mshenzi, na wengine huthubutu kumwita mtoto wao wa halali "mwanaharamu". Neno hili limezoeleka pwani nzima hata limekuwa kama kikohozi. Lakini tulitazame maana yake. Anayemwambia mwanawe hivyo amesema kuwa mama wa mtoto huyo, mke wake mwenyewe, amezini. Na katika Sura ya Nur, aya ya 4, wale wanaowasingizia wanawake watakatifu bila ya kuleta mashahidi wanne wamewekewa viboko 80, na ushahidi wao haupokelewi tena. Simhukumu kila aliyetamka neno hilo kwa hasira. Hukumu ni ya makadhi na nia za watu azijua Mola wao. Lakini maana ya neno ndiyo hiyo, na mtoto siku moja ataifahamu. Akilitamka kwa mwenziwe skuli tutampiga. Wapi alilitoa?

Yafaa pia tukumbuke Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambayo Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa katika madhambi makubwa kabisa ni mtu kuwatukana wazazi wake. Masahaba wakastaajabu, vipi mtu atawatukana wazazi wake mwenyewe? Akawabainishia kuwa ni pale anapomtukana baba wa mtu, naye akarudishiwa kwa babake, na akamtukana mama wa mtu, akarudishiwa kwa mamake. Watoto wetu wanaotukanana kwa mama zao viwanjani wangeelezwa Hadithi hii moja tu kwa upole, ingewafaa kuliko bakora, kwa sababu inaingia katika lile wanalolipenda, nalo ni mama.

Nitaulizwa: basi tufanyeje? Tuwaache? La. Lakini tuchukue njia waliyotuonyesha wajuzi. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake cha Ihya amezungumza juu ya malezi ya watoto. Asema moyo wa mtoto ni kito safi, nao ni amana kwa wazazi wake. Ataka mtoto azuiwe na maneno ya upuuzi na ya kulaani na ya kutukana, na azuiwe kuchanganyika na wenye ndimi hizo. Kisha atoa mafunzo ambayo laiti tungeyajua barazani siku ile. Mtoto akikosa mara moja, yafaa kusamehewa na kufanywa kama hakuonekana, wala asivunjiwe sitara yake mbele za watu. Akirudia, aonywe faraghani na abainishiwe uzito wa jambo. Wala asikemewe kila saa, kwani lawama zikizidi huwa nyepesi masikioni mwake, na maneno huacha kuingia moyoni.

Pima tuliyoyafanya sisi. Palipotakiwa kunyamaza, tulicheka. Palipotakiwa faragha, alipigwa mbele ya wageni. Na palipotakiwa maelezo, tulinyamaza.

Anas bin Malik (r.a.) aliingia katika nyumba ya Mtume (s.a.w.) kuhudumu naye ni mtoto wa kiasi cha miaka kumi. Akakaa miaka kumi, na asimulia kuwa hakuambiwa hata "ah!" siku moja. Nyumba hiyo haikuwa nyumba isiyojua adabu. Na Umar bin Abi Salama (r.a.), alipokuwa mtoto mkono wake ukizunguka katika sahani, hakupigwa wala hakuaibishwa, alielezwa hapo hapo la kufanya: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, ale kilicho mbele yake. Mtoto alipewa jambo la kushika badala ya lile la kuacha.

Wako watakaosema kuwa zamani tulipigwa na tukatengenea. Siwakatai. Lakini zamani hizo mtoto alisikia neno chafu bandarini au sokoni, na aliporudi nyumbani kulikuwa na masikio ya mtaa mzima ya kumlinda. Leo neno linaingia chumbani kwa simu ya mamake. Serikali ilipoukataza wimbo redioni, simu hazikuukataza. Hatuwezi kusimama katika kila mlango wa sikio la mtoto. Lililo katika uwezo wetu ni kumpa mizani, ili aweze kulipima neno hata sisi tusipokuwapo.

Na mizani yenyewe si vigumu kufundishwa. Neno likija, usicheke wala usitetemeke. Mchukue mtoto kando, umuulize amelisikia wapi, na usimwadhibu kwa ukweli wake, ama kesho hatakwambia. Mweleze kwa kadiri ya umri wake. Kama neno ni la uchafu, mwambie kuwa hilo ni katika maneno ya sitara, nasi hatuyatoi nje, kama tusivyotoka nje bila ya nguo. Kama ni la kuumiza, muulize yeye angeambiwa hivyo, au mamake, moyo wake ungekuwaje. Na kama alilipata kwako wewe, mwambie, "Mwanangu, mimi nilikosea, naomba Mwenyezi Mungu anisamehe, na wewe nisamehe." Baba hapungukiwi kitu kwa maneno hayo.

Yule mtoto wa barazani sasa ni kijana. Kama ningepewa kuirudisha jioni ile, ningemwita karibu yangu, nikamjibu swali lake: "Mwanangu, Nyegezi ni mji, na hukukosa kuutaja mji. Lakini walioutunga wimbo huo wameficha ndani ya jina hilo neno ambalo wakubwa hulisitiri. Wewe hukulijua. Sisi tuliojua ndio tuliocheka, na kosa ni letu."

Twamuomba Mwenyezi Mungu azitengeneze ndimi zetu kabla ya ndimi za watoto wetu, na atujaalie kuwa wenye kuichunga amana hii. Amin.