Gauni la Kulalia Hukaguliwa kwa Ndani

Ukitaka kumjua fundi wa nguo za kulalia, usitazame lesi ya shingoni wala ua la kifuani. Ligeuze gauni. Nguo hii huvaliwa juu ya ngozi tupu, na mshono wenye ncha kali utamkwaruza mtu kwapani hadi alfajiri.

Ndiyo maana nawavulia kofia kina mama wa Dar es Salaam na Mombasa wanaoanza biashara hii kwa cherehani moja ya kukanyaga, bila ovaloki. Wengine wamebaki na mshono wa zamani, ambao kwangu ndio bora: vipande viwili hulazwa ndani kwa ndani vikashonwa, ukingo ukapunguzwa kwa mkasi, kisha vikageuzwa na kushonwa tena ili ncha zote zifungiwe humo. Kazi inakuwa mara mbili. Ukipitisha kidole, hukuti uzi. Sindano ni namba 11. Ile namba 16 ya jinzi huacha matundu kwenye pamba nyepesi.

Lakini umahiri wenyewe utauona kwenye gauni la khanga. Doti huuzwa haijakatwa, na fundi asiye na pupa huiloweka usiku kucha, akaifua, akaianika, akaipiga pasi, ndipo ashike chaki. Wanga utoke, kitambaa kisinyae mikononi mwake, si nyumbani kwa mteja. Nyekundu hulowekwa peke yake. Kisha lipo suala la jina. Khanga ina pindo pande zote na maandishi upande wa chini. Ukikunja kipande kimoja begani, jina la mgongoni litasimama kichwa chini. Kwa hiyo kipande kimoja cha doti huwa mbele, cha pili nyuma, vikaunganishwa mabegani. Upana wa khanga, kama sentimita 110, ndio unakuwa urefu wa gauni, na pindo la chini linatua chini ya goti lenyewe bila kulazimishwa. Shingo huvishwa utepe uliokatwa mshazari, maana huo hunyumbulika ukafuata duara. Utepe uliokatwa wima hukunjamana, na mteja atakaa akiuvuta.

Wengi wanaoanza hukimbilia satini, kwa kuwa inang'aa kwenye picha za WhatsApp. Satini nyingi ya bei nafuu ni poliesta. Pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake, poliesta haifiki hata asilimia 1. Usiku wa Machi pale Kariakoo, umeme umekatika na feni imesimama, tofauti hiyo haihitaji kuelezwa.

Wateja waaminifu zaidi, nionavyo, ni wajawazito wanaopanga mkoba wa kwenda kujifungua. Wanataka gauni lenye vifungo bapa mbele, vinavyofunguka kwa mkono mmoja huku mwingine umembeba mtoto. Zipu ya kifuani ni uvivu wa fundi.

Kama unakusudia kuanza, nunua doti tatu, achana na jora zima. Zishone, zifue mara kadhaa wewe mwenyewe, uone kipi kimelegea. Na unapopanga bei, hesabu saa za kuloweka na ule mshono wa pili. Atakayesema ni ghali, mwache akanunue satini.