Upepo wa Matairi ya Gari la Kulala: Anza Mzanini

Anayegeuza Toyota HiAce kuwa gari la kulala safarini huumiza kichwa juu ya kitanda, jiko na betri ya sola, kisha suala la upepo wa matairi humwachia fundi wa pancha. Fundi atauliza, "Nijaze ngapi?" Asipopata jibu atajaza alivyozoea, mbele na nyuma sawa. Mazoea hayo ni hatari. Upepo unaofaa hutokana na uzito uliokalia kila tairi, na uzito huo haupimwi kwa macho.

Dereva huwa na namba mbili za kuanzia. Ya kwanza iko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Kwa magari yaliyoingia nchini yakiwa yametumika Japani, mara nyingi namba hiyo imeandikwa kwa kPa, ilhali geji ya fundi inasoma psi. Kumbuka kwamba kPa 100 ni bar 1, au psi 14.5, hivyo kPa 350 ni kama psi 51. Kibandiko hicho kiliandikwa kwa ajili ya gari lilivyotoka kiwandani na matairi yake ya kiwandani. Hakijui lolote kuhusu kabati, tangi la maji na jiko ulivyoongeza.

Namba ya pili iko ubavuni mwa tairi. Tuchukue tairi linalovaliwa sana na HiAce: 195 R15C 106/104. Herufi C ina maana ni tairi la gari la mizigo midogo. Namba 106 ni alama ya kilo 950, uwezo wa tairi likifungwa peke yake. 104 ni kilo 900, yakifungwa mawili mawili upande mmoja. Kando yake huandikwa psi 65, upepo ambao tairi linauhitaji ili libebe kilo hizo 950. Wengi huisoma 65 kama amri ya kujaza. Ni kipimo cha juu kinachoendana na mzigo wa juu, basi.

Kinachokosekana ni uzito halisi, na huo unapatikana mzanini tu. Mizani ya barabara kuu imewekwa kwa ajili ya magari ya zaidi ya tani 3.5, lakini ghala la nafaka au mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye mzani wa magari anaweza kukupimia. Nenda ukiwa tayari kwa safari: tangi la maji limejaa, mafuta yamejaa, mtungi wa gesi uko mahali pake, abiria wamekaa. Pima ekseli ya mbele peke yake, kisha ya nyuma. Halafu, kama mzani unaruhusu, pima upande mmoja mmoja. Hatua hiyo wengi huiruka, na ndiyo yenye siri kubwa. Tangi la lita 80 ni kilo 80. Likikaa upande mmoja na jiko na betri, upande huo hulemewa bila gari kuonekana limelala.

Tuseme mzani umetoa kilo 1,240 mbele na 1,460 nyuma. Kwa pande, tairi zito zaidi la mbele limebeba kilo 640, na la nyuma kushoto kilo 780 huku mwenzake wa kulia akibeba 680. Hesabu hufuata tairi lililolemewa zaidi katika kila ekseli, na pande zote mbili za ekseli hiyo hujazwa sawa.

Nyuma: gawa 780 kwa 950, zidisha kwa 65. Jibu ni psi 53. Ongeza asilimia 10 kama akiba, unapata 59. Mbele: 640 kwa 950, mara 65, ni psi 44, ukiongeza akiba ni 48. Majedwali ya watengenezaji wa matairi hutoa namba za chini kidogo kuliko uwiano huu wa moja kwa moja, kwa hiyo hesabu hii imeegemea upande wa usalama. Ukipata jedwali la tairi lako, lifuate. Na hesabu ikitoa namba iliyo chini ya ile ya kibandiko, baki na ya kibandiko.

Sasa linganisha na mazoea. Ukijaza 45 kote, tairi la nyuma kushoto litabeba zaidi ya uwezo wake. Ubavu utakunjika kila mzunguko, joto litapanda, na mpira utaanza kuachana na waya za chuma ndani, mahali ambapo jicho halifiki hadi siku tairi linapopasuka. Ukijaza 65 kote, tairi la mbele litagusa barabara kwa sehemu ndogo ya katikati, litaliwa hapo, na kwenye changarawe breki zitashika kwa shida.

Kwa magari ya kulala ya Ulaya, mengi yakiwa yamejengwa juu ya Fiat Ducato, kuna tairi maalumu lenye alama CP. Kwa ekseli ya nyuma yenye tairi moja kila upande, mwongozo wake ni bar 5.5, yaani psi 80, kwa sababu magari hayo hukaa na mzigo karibu na kikomo muda wote. Ukiwa nalo, usipunguze kwa hesabu zako. Hakikisha pia valvu ni za chuma: valvu za mpira za kawaida mwisho wake ni psi 65.

Pima matairi yakiwa ya baridi, asubuhi kabla ya kuondoka. Ukishaendesha, psi kadhaa zitapanda kwa joto. Ni kawaida, usizitoe. Mwinuko nao una lake. Ukijaza psi 59 Dar es Salaam asubuhi kwa nyuzi 25, kisha ukaamka ukingoni mwa Ngorongoro, takriban mita 2,300 juu ya bahari, kwa nyuzi 10, baridi itakuwa imepunguza karibu psi 3.7, na hewa nyepesi ya nje itakuwa imeipandisha geji karibu kiasi hicho hicho. Geji itasoma kama ulivyoiacha.

Kwenye vijituta vya barabara ya vumbi kutoka Ngorongoro kuelekea Naabi, lango la Serengeti, unaweza kupunguza kama robo ya upepo ili gari lisitikisike hadi skrubu zilegee, kwa sharti la kwenda taratibu. Beba pampu ya kurudishia kabla ya kukanyaga lami, maana robo hiyo iliyopungua, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ndiyo inayochoma tairi.

Kabla ya safari ijayo, peleka gari mzanini, andika psi mbili ulizopata, ya mbele na ya nyuma, na uzibandike mlangoni. Fundi akiuliza ajaze ngapi, mwonyeshe.