Nguzo na Toloch: Kuisoma "Nguzo Mama" katika Nchi ya Chai

Tamthilia ya Penina Muhando, "Nguzo Mama", iliyochapwa Dar es Salaam mwaka 1982, imekwisha kujadiliwa kama tamthilia ya ukombozi wa mwanamke, na hatuna haja ya kuyarudia hayo. Tunalolikusudia hapa ni dogo zaidi. Twataka kuisoma tukiwa tumesimama Kericho na Bomet, ambako taswira inayofanana na hiyo ya nguzo imo katika lugha ya wenyeji wenyewe, na kuuliza kama kuitwa nguzo ni sifa kweli, au ni hukumu iliyovishwa nguo ya sifa.

Katika kijiji cha Patata wanawake wanajaribu kuisimamisha nguzo, nayo haisimami. Nguvu ya mchezo huu imo katika kutosimama huko. Mambo ya nyumbani yanawavuta wanawake huku na huku, na mtazamaji hukaa akiiona nguzo imelala chini. Mwandishi mwenye haraka angaliisimamisha mwishoni ili watu waende zao wakishangilia.

Wakipsigis, kama ndugu zao Wanandi, wana ndoa ambayo wageni wengi huielewa vibaya. Kwa desturi yao kila mke ana nyumba yake yenye mali yake, na mali hiyo hurithiwa na wana wa kiume wa nyumba hiyo. Mwanamke aliyepita umri wa kuzaa bila kupata mwana wa kiume aweza kutoa mahari akajichukulia mke, na watoto watakaozaliwa na mke huyo ni wa nyumba yake. Wakipsigis huiita "kitum chi toloch". Toloch ni mti unaoegemezwa penye kitu kinachotaka kuanguka.

Hapa Kiswahili chetu chapata taabu. Kitenzi "kuoa" kimemweka mwanamume kuwa mtenda na mwanamke kuwa mtendwa, hata tukiandika kwamba mwanamke fulani ameoa, msomaji wa Mombasa au Unguja atadhani ni kosa la mpiga chapa, au atashuku jambo jingine kabisa. Wala neno "mgumba" halifai, na "tasa" halifai zaidi, maana mama huyu huenda amezaa mabinti watano. Hatuna neno moja la kumtaja mama asiye na mwana wa kiume. Anahukumiwa bila hata kutajwa. Regina Smith Oboler, katika makala yake ya mwaka 1980 kuhusu Wanandi, aliuliza kama mume huyo wa kike ni mwanamume. Akaona kwamba jamii hushikilia kuwa ndiye, na kwamba neno hilo lina uzito hasa pale penye mali na urithi. Mahakama Kuu ya Mombasa nayo, katika kesi ya Monica Jesang Katam na Jackson Chepkwony mwaka 2011, mbele ya Jaji J. B. Ojwang, iliitambua ndoa ya namna hiyo ya Kinandi katika shauri la mirathi.

Wako watakaosema kwamba desturi hii humwokoa mwanamke na aibu. Ni kweli, kwa upande wa mkubwa. Lakini toloch ni nani? Ni yule mdogo, anayelima, anayechuma chai, na anayezaa kwa mwanamume asiyehesabiwa kuwa baba. Katika Patata wanawake wote wana nguzo moja wanayohangaika nayo pamoja. Katika Bomet mwanamke mmoja husimamishwa chini ya dari la mwanamke mwenziwe. Uchungu wa namna hii tamthilia haikuuweka katikati, na kwa maoni yangu ndio upungufu wake.

Tutazame pia neno "likizo". Katika mashamba makubwa ya Kericho mchumaji hulipwa kwa kilo, na mzani hauulizi aliyebeba kikapu ana mimba ya miezi mingapi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 1976 ilimpa mzazi miezi miwili yenye malipo, lakini aliyeichukua alipoteza likizo yake ya mwaka huo. Yaani kujifungua na kunyonyesha kulihesabiwa kuwa mapumziko. Sheria ya mwaka 2007 ilitoa miezi mitatu na kuondoa adhabu hiyo, ila jina "likizo ya uzazi" limebaki vilevile, nasi walimu wa lugha tunalifundisha bila kusita.

Ndivyo ilivyo kwa "kazi" nayo. Mke asiyekwenda kuchuma husemwa kuwa anakaa tu nyumbani, ingawa kuni, maji na watoto havikai. Katika kesi ya Echaria, mwaka 2007, Mahakama ya Rufani ilikataa kuihesabu kazi ya nyumbani kuwa mchango katika mali ya ndoa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 ikaihesabu, pamoja na malezi na kilimo. Januari 2023 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba ndoa peke yake haimpi mtu nusu ya mali. Lazima mchango uonyeshwe. Nguzo, basi, yatakiwa kuleta ushahidi kwamba ilikuwa imelibeba paa.

Limebaki jambo la tafsiri. Anayeifasiri toloch kuwa "nguzo" amekosea, japo kosa lenyewe lapendeza masikioni. Nguzo huchimbiwa siku ya kujenga, na mwenye nyumba huichagua kwa unyofu wake. Pwani tuna neno lililo karibu zaidi: "gadi", ule mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa kisilale upande. Gadi huwekwa pale kitu kinapoinama. Maji yakijaa huondolewa, na ikivunjika hutafutwa nyingine.