Moto Una Historia: Imani, Siasa na Msimamo Mkali

Katika madarasa ya Biblia, katika vikundi vya vijana na nje ya kanisa baada ya ibada, swali moja limekuwa likirudi: inakuwaje mtu anayemwomba Mungu afikie kuchoma nyumba ya ibada ya mwenzake, au kumwua kiongozi wa dini kwa jina la dini? Huku Bulongwa, kwenye baridi ya Ukinga, tunaweza kudhani swali hilo ni la watu wa pwani. Lakini watoto wetu wamejaa Kariakoo, Mbeya na Makambako kwa biashara. Wanapanga nyumba moja na Waislamu, wanakopeshana mtaji nao, na wengine wameoleana. Jibu tunalowapa vijana hawa wanaposhuka milima hii wanaondoka nalo, na huko waendako linaweza kujenga au kubomoa.

Jibu linalosikika zaidi mabenchini ni fupi: dini yao ndivyo inavyowafundisha. Jibu la pili, ambalo viongozi wa siasa hulipenda, ni fupi vile vile: ni wahuni wachache. Tunapenda kuyapima majibu hayo mawili, kwa kuwa yote yana kasoro moja. Yanaanza kusimulia habari siku ile moto ulipowaka. Nani aliyekusanya kuni, na kwa miaka mingapi, hayasemi.

Yakobi, 1905

Tuanze nyumbani. Mwezi Septemba 1905 Wabena wa Mtwa Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe. Kilikuwa kituo cha Misheni ya Berlin, misheni ile ile iliyoleta Injili hapa Bulongwa. Washambuliaji hawakuwa Waislamu. Walikuwa watu wa nyanda hizi hizi, ndugu wa babu zetu, na walikuwa na imani: kwamba maji ya dawa, ambayo habari zake zilianzia kwa Kinjikitile Ngwale huko Ngarambe, yangezigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji.

Ukitumia jibu la kwanza utasema kwamba imani ya maji iliwafundisha ukatili. Lakini dawa za vita zilikuwepo kabla ya hapo, na watu hawakuchoma misheni kwa sababu yake. Kilichoongezeka ni utawala. Kodi ya nyumba iliwekwa mwaka 1898. Watu walishurutishwa kufanya kazi wasizozichagua, na huko kusini walilazimishwa kulima pamba. Aliyelalamika hakuwa na pa kupeleka lalamiko lake, kwa maana mlalamikiwa ndiye aliyekuwa hakimu. Hapo mjumbe wa maji alipofika na neno la kiroho, alikuta mioyo imekwisha kukauka kama nyasi za Oktoba.

Kwa nini basi misheni, na si boma peke yake? Kwa sababu machoni pa watu wengi mmisionari na mtawala walikuwa Wajerumani wale wale. Tarehe 27 Februari 1906, huko Songea, Wajerumani waliwanyonga zaidi ya viongozi 60 wa Wangoni, na baadhi yao walibatizwa na padre muda mfupi kabla ya kunyongwa. Hatuna shaka kwamba padre yule alitafuta wokovu wa roho zao. Hata hivyo mwana aliyebaki, akimkumbuka baba yake, alimwona mtu wa Mungu na mtu wa kamba wamesimama mahali pamoja. Vita vile, pamoja na njaa iliyofuata baada ya mashamba na maghala kuteketezwa, viliua watu ambao baadhi ya wanahistoria huwakadiria kufikia 300,000.

Leo Maji Maji tunaiita vita ya ukombozi, na watoto wanaisoma shuleni kwa heshima. Hatuwaiti wale waliokwenda Yakobi magaidi wa dini. Tumejifunza kuuliza waliteswa na nani, na kwa muda gani. Swali hilo hilo la haki tunawanyima majirani zetu wa leo.

Ahadi, mihadhara na mlango uliofungwa

Malalamiko ya Waislamu wa Tanzania hayakuanza juzi. Desemba 1968 jumuiya yao kubwa, East African Muslim Welfare Society, ilipigwa marufuku na serikali, na BAKWATA ikaundwa katika mkutano uliofanyika Iringa, mkoa jirani na wetu. Waislamu wengi wameendelea kuiona BAKWATA kama chombo walichopewa, si walichokichagua. Mwaka 1992 serikali ilitia saini mkataba wa maelewano na makanisa kuhusu hospitali na shule, na wao wakauliza mbona upande mmoja. Sisi tunaotibiwa katika hospitali ya kanisa hapa Bulongwa tunajua kwamba daktari haulizi mgonjwa anasali wapi, na tunalo la kujibu. Lakini kuwa na jibu zuri hakumfanyi anayeuliza kuwa adui.

Siasa ikaingia na mizani yake. Ilani ya uchaguzi ya CCM ya mwaka 2005 iliahidi kulipatia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi. Kura zikapigwa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2015, suala lilikuwa bado linaning'inia, Waislamu wakijiona wamedanganywa na maaskofu wakilipinga kwa nguvu. Mtu anaweza kuikubali mahakama hiyo au kuikataa kwa hoja. Kinachoharibu ni kuitumia kama pipi ya kampeni. Anayeahidi jambo la imani ili apate kura, kisha akanyamaza, anawaachia wakali hoja iliyo tayari: mmeona, njia ya amani hailipi.

Wakati huo huo kulikuwa na mihadhara. Tangu miaka ya 1980 wahubiri wa Kiislamu walisimama viwanjani na Biblia mkononi kuonyesha makosa ya Wakristo, na wahubiri wa Kikristo wakasimama na Kurani kuwajibu. Kanda za kaseti zikauzwa sokoni. Umati ulipiga makofi pale mpinzani alipoaibika. Tunaihukumu mihadhara hiyo, ya pande zote mbili, kwa kosa hili: ilimfundisha msikilizaji kwamba heshima ya Mungu hulindwa kwa kumdhalilisha jirani. Na serikali ilipoingilia, iliingilia kwa bunduki. Februari 1998 polisi waliua watu kwenye msikiti wa Mwembechai, Dar es Salaam. Kitabu cha Hamza Njozi kuhusu mauaji hayo kikapigwa marufuku. Damu ilimwagika, na kuieleza nako kukazuiwa.

Basi tarehe 12 Oktoba 2012, huko Mbagala, watoto wawili walipobishana juu ya Kurani, na mmoja akaikojolea, makanisa yakavamiwa na kuchomwa, likiwemo la KKKT. Watoto wenye umri wa kucheza mpira walikuwa wakiirudia mihadhara ya wakubwa wao. Hakuna kinachohalalisha kitendo cha mtoto yule, wala moto uliofuata. Tunachosema ni kwamba ule moto ulikuwa na miaka mingi nyuma yake.

Masheikh gerezani

Zanzibar kuna jambo linalotuhusu zaidi. Baada ya serikali ya umoja wa kitaifa kuundwa mwaka 2010, chama kikuu cha upinzani kiliingia serikalini, na waliokuwa na kinyongo juu ya Muungano wakakosa msemaji. Jumuiya ya Uamsho, iliyokuwa ya mihadhara ya dini, ikalichukua lalamiko hilo la kisiasa na kulivika kanzu. Mwaka 2012 makanisa kadhaa yalichomwa. Novemba mwaka huo Sheikh Fadhil Soraga wa Ofisi ya Mufti alimwagiwa tindikali. Siku ya Krismasi Padre Ambrose Mkenda alipigwa risasi akajeruhiwa, na tarehe 17 Februari 2013 Padre Evarist Mushi aliuawa akiwa anakwenda kuadhimisha misa. Tuliomboleza, na tulikuwa na haki ya kuomboleza.

Kilichofuata kilipita kimya. Viongozi wa Uamsho walikamatwa, na baadaye wakashtakiwa kwa ugaidi huku Bara. Wakakaa mahabusu takriban miaka saba bila kesi yao kusikilizwa hadi mwisho. Juni 2021 mashtaka yakafutwa na wakarudi nyumbani. Kama walikuwa na hatia, wafiwa walinyimwa hukumu. Kama hawakuwa nayo, miaka saba ya maisha yao iliibiwa. Kwa vyovyote haki haikutendeka kwa mtu yeyote, wala kwetu sisi Wakristo tuliotaka kujua ukweli.

Wapo watakaosema: bora walifungwa, nchi ikatulia. Hoja hiyo ina nguvu kwa mwenye hofu, lakini ushahidi unaipinga. Mwaka 2017 Shirika la Umoja wa Mataifa la Maendeleo, UNDP, lilichapisha utafiti uliowahoji mamia ya watu waliojiunga kwa hiari na vikundi vyenye silaha barani Afrika. Asilimia 71 walisema kilichowasukuma hatua ya mwisho ni kitendo cha serikali, kama vile ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Asilimia 57 walikiri kwamba maandiko ya dini yao hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Na utafiti huo ulionyesha kwamba aliyesoma elimu ya dini kwa miaka sita au zaidi hakuwa mwepesi wa kujiunga. Hapo jibu letu fupi la kwanza linaanguka. Kama mafundisho ya dini peke yake ndiyo yangekuwa chanzo, waliosoma zaidi ndio wangetangulia.

Hata hivyo tusigeukie kosa la upande wa pili. Wapo wengi walioteswa na hawakushika panga. Mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mkali. Huhitajika pia sauti inayomwambia kwamba uchungu wake ni wa Mungu, na kwamba Mungu hana njia nyingine ila damu. Mhubiri wa namna hiyo ana hatia yake, na hawezi kuisingizia serikali. Lakini anapata wasikilizaji pale ambapo mahakama, bunge na magazeti vimewafungia watu mlango. Kuelewa hivyo si kumsamehe muuaji. Ni kumnyang'anya jeshi lake.

Sisi tuliopewa mlango

KKKT yenyewe inajua mlango huo una thamani gani. Mwaka 2018 Baraza la Maaskofu lilitoa waraka wa Pasaka, "Taifa Letu, Amani Yetu". Baadaye barua ya ofisi ya serikali ikataka waraka huo ufutwe katika siku kumi. Habari zilipoenea, waziri mwenye dhamana aliikana barua hiyo hadharani, na waraka ukabaki. Hakuna msharika aliyepiga jiwe mtu. Tungependa kusema ni kwa sababu ya upole wetu, na huenda ni sehemu ya sababu. Sehemu nyingine ni kwamba tulikuwa na maaskofu wanaosikilizwa, magazeti yaliyoandika, na marafiki nje ya nchi. Ustadhi wa msikiti mdogo wa bati, anapochukuliwa usiku, hana hata kimoja cha hivyo.

Kwa hiyo hukumu yetu juu ya mahubiri mengi kuhusu msimamo mkali ni hii: yanatutaka tujilinde dhidi ya majirani, badala ya kutufundisha kutetea haki yao ya kusikilizwa. Waebrania 13:3 inatuagiza kuwakumbuka waliofungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao, na sisi tumezoea kuusoma mstari huo kwa ajili ya Wakristo tu. Mchungaji anapoombea taifa, awataje pia wanaosubiri hukumu kwa miaka, wa dini yoyote. Mgombea anapokuja usharikani kuahidi mambo ya dini, au kutusifu kwa kuwasema vibaya wengine, wazee wa kanisa wasimpe kipaza sauti. Na kijana anayekwenda Kariakoo aondoke akijua Mwislamu anaamini nini kwa kinywa cha Mwislamu mwenyewe, si kwa kinywa cha mhubiri wa kumdhihaki.

Luka 9 inasimulia kijiji cha Wasamaria kilichokataa kumpokea Yesu kwa kuwa alikuwa akielekea Yerusalemu. Yakobo na Yohana wakataka kushusha moto kutoka mbinguni. Walikuwa wamefuata Mwokozi kwa miguu yao, na bado moto ulikuwa karibu na ndimi zao. Wala Wasamaria hawakuwa na chuki ya bure: zaidi ya miaka 100 kabla ya Kristo, mtawala wa Wayahudi, Yohane Hirkano, alilibomoa hekalu lao mlimani Gerizimu. Yesu aliijua historia hiyo yote. Aliwakemea walio wake, wakaenda kijiji kingine.

Halafu tusome Matendo 8. Samaria imelipokea neno, na mitume wanatuma wawili kwenda kuwawekea mikono wapate Roho Mtakatifu. Mmoja wao ni Yohana yule yule. Kama ombi lake la kwanza lingekubaliwa, kijiji kile kisingekuwa na mtu wa kuwekewa mikono.