Ukimya, Penzi na Fumbo katika Riwaya za Sookie Stackhouse

Katika riwaya 13 za Charlaine Harris, zilizochapishwa kati ya 2001 na 2013, msimulizi Sookie, mhudumu wa baa huko Louisiana, husikia mawazo ya binadamu. Akili za wanyonyadamu kwake ni kimya. Ukimya huo ndio chimbuko la penzi lake na Bill, kwani kwake hupata utulivu. Kwa upande wa fumbo, kipawa hicho ni mzigo: msikiaji wa mawazo angemtambua muuaji mapema. Katika Dead Until Dark muuaji ni binadamu, mteja wa baa hiyohiyo, na kuchelewa kumgundua kunadhoofisha mantiki ya upelelezi. Hata hivyo, dhamira inaimarika: wanakijiji wanamshuku mnyonyadamu, kumbe kikulacho ki nguoni mwako.