Msitu na Shamba la Miti: Uhakiki wa Msamiati wa Sheria Katika Nyanda za Juu Kusini

Migogoro ya kisheria baina ya watetezi wa misitu ya asili na kampuni za magogo huelezwa kwa kawaida kuwa mvutano wa masilahi. Uhakiki huu unaitazama kwanza kuwa mvutano wa matini: nani anautaja msitu, na kwa neno gani.

Huko Mufindi, mkoani Iringa, jina rasmi la Sao Hill kwa Kiswahili ni Shamba la Miti. Jina hilo linasema kweli, kwani misindano na mikaratusi yake ilipandwa ili ivunwe. Rungwe, mkoani Mbeya, hali ni nyingine. Wawindaji wa huko walimtaja kipunji mbele ya watafiti, ambao awali hawakuwa na hakika kama ni mnyama halisi au wa masimulizi tu. Mwaka 2005 alitangazwa kuwa spishi mpya, na jina la wenyeji likaingia katika jina lake la kisayansi. Mwaka 2009 Mlima Rungwe ukapewa hadhi ya hifadhi ya mazingira asilia. Masimulizi yalikuwa ushahidi kabla hayajapokewa kuwa ushahidi.

Matini ya sheria haina uangalifu huo. Sheria ya Ardhi ya 1999, inapofasili ardhi ya jumla, inajumuisha ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyotungwa mwaka huohuo, haina kirai hicho. Je, msitu ulioachwa kwa ajili ya chemchemi, dawa na matambiko unatumika? Kwa mwanakijiji, kutoukata ndiko kuutumia. Kwa anayetafuta eneo la kuvuna magogo au kupanda miti ya biashara, kirai hicho ni mlango ulio wazi.

Huenda ikadaiwa kwamba mashauri haya huamuliwa na haki ya kushtaki, wala si semantiki. Hoja hiyo ina uzito: mwaka 1989 Mahakama Kuu ya Kenya ililitupa shauri la Wangari Maathai kuhusu Uhuru Park kwa kuwa, kwa maoni yake, hakuwa na haki ya kulifungua. Nchini Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imempa kila mtu haki ya kushtaki. Hata hivyo, mdai akishaingia mahakamani, kinachobishaniwa ni fasili.

Marekebisho ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama. Mfasiri wa sheria za ardhi na misitu anapaswa basi kuchagua: aiache "isiyotumika" bila ufafanuzi, au aonyeshe kwamba kuhifadhi ni matumizi. Vilevile, "msitu wa asili" na "shamba la miti" vibaki istilahi mbili. Zikichanganywa, msitu wa kale unaweza kukatwa, misindano ikapandwa mahali pake, na kumbukumbu za serikali zikaendelea kusema kwamba msitu upo.