Mzee Asiyesimuliwa: Uzee, Jinsia na Ulezi wa Jamii katika Maandishi ya Kenya, kwa Mtazamo wa Isiolo

Fasihi ya Kenya na jirani zake inayoshughulikia mapenzi ya watu wa jinsia moja ni, kwa kiasi kikubwa, fasihi ya vijana. Kauli hii yaweza kuthibitishwa kwa kuzitazama kazi zitajwazo mara nyingi zaidi. Katika "Jambula Tree", hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007, wapendanao ni wasichana wa shule. Katika Rafiki, filamu ya Wanuri Kahiu ya mwaka 2018 iliyotokana na hadithi hiyo, Kena na Ziki ndio kwanza wamemaliza shule. Stories of Our Lives (2014), filamu ya visa vitano iliyoongozwa na Jim Chuchu, inazunguka shuleni, shambani, kilabuni na katika chumba cha hoteli. Si kwamba wazee hawamo humo. Wamo kama wazazi, wahubiri na majirani wenye ndimi kali. Mama Atim, anayevuka kutoka hadithi ya Arac de Nyeko hadi filamu ya Kahiu, ni jicho na mdomo wa mtaa. Kazi yake ni kuona na kusema. Msimulizi hamuulizi yeye mwenyewe alipenda nani alipokuwa na miaka ishirini.

Makala hii inadai kwamba pengo hilo limetokana na umbo la kisa chenyewe. Kisa cha mapenzi yaliyokatazwa kimejengwa juu ya ugunduzi: wawili wanajigundua, jamii inawagundua, adhabu inafuata, kisha kutengana au kukimbia. Kisa cha namna hii humalizika mhusika akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu. Uzee unadai msuko wa aina nyingine, yaani msuko wa ulezi: ni nani achotaye maji, ni nani atumwaye dawa, ni nani atakayeitwa kuosha maiti, na nyumba itabaki kwa nani. Visa vya aina hiyo vipo Afrika Mashariki, ila havikuandikwa na watunzi wa hadithi. Vimo katika ethnografia, katika hukumu za mahakama na katika masimulizi ya maisha. Mhakiki atakayedharau maandishi hayo kwa kuwa si ya kubuni atabaki na vijana peke yao.

Binyavanga Wainaina aliukaribia mpaka huu. Katika insha yake ya Januari 2014, aliyoiita sura iliyopotea ya kitabu chake cha kumbukumbu cha mwaka 2011, anajiweka kando ya kitanda cha mama yake anayekaribia kufa na kumwambia ukweli wake. Mama huyo alifariki mwaka 2000, mwana akiwa Afrika Kusini. Mazungumzo hayo hayakuwahi kufanyika. Uzito wa insha uko hapo hasa. Mwandishi anayesifiwa kwa kusema ukweli alilazimika kubuni ili apate mzee wa kumsikiliza. Mwenyewe hakufika uzeeni: aliaga dunia Mei 2019 akiwa na umri wa miaka 48.

Kutazama kutoka Isiolo

Mji wa Isiolo umekaa pale ambapo barabara itokayo Nanyuki na Meru inaanza kuelekea Marsabit na Moyale. Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wameru, Wasomali na Wagabra hukutana humo, na Kiswahili ndicho kinachouza na kununua. Eneo hili limeandikwa vya kutosha: Gudrun Dahl (1979) aliandika juu ya mifugo na riziki ya Waborana wa Waso, na Mario Aguilar (1998) juu ya dini na utambulisho wao. Lakini kwa mada hii kitabu chenye manufaa zaidi kinahusu jirani zao wa kaskazini.

John C. Wood, katika When Men Are Women (1999), anachunguza cheo cha d'abella miongoni mwa Wagabra. Wanaume wanapofikia daraja la mwisho la umri huhesabiwa kuwa wanawake. Hutajwa kwa maumbo ya kike ya lugha yao, huchutama wanapokojoa, na maisha yao huelekezwa ndani ya kambi badala ya nje porini. Wao ndio wabarikio. Wood anaeleza jambo hili kwa kupambanisha olla, yaani kambi, na ala, yaani nje. Na kitabu chake kinafaulu pale kinapoacha upinzani huo uyumbe badala ya kuugeuza sheria.

Tahadhari mbili zinahitajika. Kwanza, d'abella si jina la mapenzi ya jinsia moja, na msomaji anayetaka kumfanya hivyo anamtumia mzee wa watu kama shahidi wa kesi isiyo yake. Pili, cheo hicho ni cha wanaume. Mwanamke azeekaye hapandi ngazi hiyo. Hata hivyo kinachobaki ni kikubwa. Hapa kuna jamii ya wafugaji ambayo imempa mtu anayevuka mpaka wa jinsia uzeeni kiti, kazi na heshima, bila kumhitaji aombe radhi. Viongozi wa jamii hawamvumilii tu d'abella. Wao wenyewe wako njiani kuwa yeye.

Kuna jambo la lugha pia ambalo halijapewa uzito unaostahili. Kioromo cha Wagabra kina viwakilishi vya kike na vya kiume, na heshima ya d'abella inasikika katika sarufi. Habari zake zikisimuliwa kwa Kiswahili sokoni Isiolo, alama hiyo hufutika: "yeye amekuja" haisemi lolote. Ukimya huu wa sarufi yetu mara nyingi husifiwa kama usawa. Kwa d'abella ni hasara, maana kinachomezwa ni kile kile ambacho jamii yake iliamua kukitangaza.

Kwa upande mwingine Kiswahili kinasema mno. Neno "msagaji", kutokana na kitenzi kusaga, linataja tendo na kubeba tusi; halimwachii mtu nafasi ya kuwa na umri. "Bibi" na "nyanya" ni maneno ya heshima yasiyouliza mtu alilala na nani. Kuyaweka maneno haya mawili pamoja katika sentensi moja bila kuzua kicheko ni kazi ambayo mtunzi wa Kiswahili hana budi kuikabili.

Mume wa kike na bei ya heshima

Ndoa ya mwanamke kwa mwanamke inajulikana kwa Wanandi, Wagikuyu, Wakamba na, ng'ambo ya mpaka, Wakuria wa Mara, ambako huitwa nyumba ntobhu. Kwa kawaida aoaye ni mwanamke wa makamo au mzee, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume. Regine Smith Oboler (1980) aliuliza iwapo mume wa kike wa Kinandi ni mwanamume. Watu walimjibu kwamba ndiye. Mwandishi akaonyesha kwamba uanaume huo unashikiliwa kwa nguvu zaidi panapohusika mali na urithi, na kwa ulegevu katika mambo mengine ya kila siku. Huo ni usomaji mzuri wa pengo lililopo kati ya kauli na tendo.

Miaka ishirini baadaye Wairimu Ngaruiya Njambi na William O'Brien (2000) walizungumza na wanawake wa Kigikuyu walioishi katika ndoa hizi, na wakalalamikia maandishi yaliyotangulia kwa kuzifanya ziwe hesabu ya ng'ombe na warithi. Wanawake hao walitaja upendo, uandamani na hiari yao wenyewe. Hapa ndipo mjadala unapokwama, na hapafai kuruka. Upande mmoja unasisitiza kwamba ndoa hizi hazihusu tamaa ya mwili. Wazee wa mila husema hivyo kwa sauti kubwa. Upande wa pili unataka kuziona kama ushahidi kwamba Afrika iliwajua wapendanao hawa tangu zamani. Pande zote mbili zinadai kuingia chumbani. Maandishi yenyewe yanatuonyesha jikoni, shambani na kitandani kwa mgonjwa, na huko kuna mengi ya kutosha kusomwa.

Hukumu ya Mahakama Kuu ya Mombasa ya mwaka 2011, iliyotolewa na Jaji J. B. Ojwang, inafaa kusomwa kama simulizi ya aina hii. Mwanamke mzee wa Kinandi alikuwa amemwoa mwanamke mwenzake kwa mila. Alipofariki, mali yake ikagombaniwa na jamaa. Mahakama ikamtambua mke kuwa mrithi. Mjane alikaribishwa kwenye sheria kwa mlango wa desturi, na mlango huo ulifunguka kwa sababu hakuna aliyelazimika kusema neno mapenzi. Linganisha na Mei 24, 2019, pale Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokataa kuvibatilisha vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Waliokwenda mahakamani wakitaja mapenzi walishindwa. Aliyekwenda akitaja mila alishinda.

Bei ya heshima, basi, ni kunyamaza. Si haki kuiita bei hiyo unafiki. Kwa mwanamke mwenye miaka sabini, ukimya unaweza kuwa ndio paa. Lakini fasihi haina lazima ya kuishi chini ya paa hilo, na ni ajabu kwamba imekubali kufanya hivyo kuliko hata mahakama.

Kaskazini ya Isiolo, ng'ambo ya Ewaso Ng'iro karibu na Archers Post, kuna Umoja, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake wa Kisamburu wakiongozwa na Rebecca Lolosoli, wengi wao wakikimbia ukatili. Wanaume hawakai humo. Makala za magazeti juu ya Umoja zimekuwa utanzu kamili wenye kanuni zake: shanga, jua, kisha swali la watoto wametoka wapi. Swali la nani atawalea wanawake hawa watakapokongoka haliulizwi sana, ingawa ndilo ambalo kijiji chenyewe kinalijibu kila siku kwa kuwapo kwake. Hakuna sababu ya kukifanya Umoja kiwe kijiji cha wapenzi wa jinsia moja. Kinachohusika hapa ni kwamba uongozi wa wanawake umeweza kuunda ukoo usiotegemea mume, na waandishi wamekitembelea mara nyingi bila kukisikia kikisema hilo.

Nani ni familia

Mfano wa namna ya kusikiliza upo kwa Kiswahili. Wanawake Watatu wa Kiswahili (1991), waliouhariri Sarah Mirza na Margaret Strobel, unawapa nafasi wazee watatu wa Mombasa wasimulie maisha yao kwa maneno yao. Vyama vya lelemama, ambavyo Strobel alivichunguza katika kazi yake ya mwaka 1979, vilikuwa ngoma na mashindano, lakini vilikuwa pia mkono wa kusaidiana harusini na matangani. Gill Shepherd (1987), akiandika juu ya mji huo huo, alimchora mwanamke mzee tajiri aliyewakimu wapenzi wake vijana. Picha yake ina ukweli fulani wa tabaka, ila inaelemea mno kwenye fedha. Mzee wake hatoi sauti hata mara moja. Laiti mbinu ya Mirza na Strobel ingekutana na mada ya Shepherd.

Marekani mkutano wa aina hiyo ulitokea kwa namna yake. Zami ya Audre Lorde (1982) iliwaanzia wanawake wa Carriacou, kisiwa cha mama yake, na jina hilo baadaye likachukuliwa na ZAMI NOBLA, jumuiya ya Atlanta inayowashughulikia wasagaji weusi walio wazee. Kitabu kilitoa jina; jina likawapa viongozi wa mtaa kitu cha kuwaitia watu.

Kenya, ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 inampa mzee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na Serikali. Neno gumu hapo ni "familia". Mpango wa Inua Jamii, unaowalipa wenye umri wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, humpitisha mzee mikononi mwa chifu na naibu wake wakati wa kuthibitishwa, na mzee asiyejiweza huhitaji mlezi aliyeandikishwa. Chifu wa Isiolo anayekubali kuandika jina la mwanamke mwenzake aliyekaa naye miaka thelathini, bila kuuliza zaidi, ametenda jambo ambalo hakuna riwaya yetu iliyothubutu kulitunga.

Wanafunzi wanaokwenda kaskazini kukusanya fasihi simulizi hubeba hojaji. Katika hojaji za kawaida, swali la mzee mwanamke baada ya jina na umri ni jina la mume. Anayejibu kwamba hakuwa naye huandikiwa kistari, na anayeuliza hushuka mstari wa pili. Swali lingeweza kuwa "Umeishi na nani?", na nafasi ya jibu ikaachwa ndefu.